Dawa Moja, Majina Mengi: Namna ya Kuitambua Antibiotiki kwa Jina Lake Halisi

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara nyingi kwenye dirisha la dawa, iwe katika zahanati ya kijiji au katika hospitali, lipo hili: "Mbona hii siyo dawa niliyoandikiwa?" Mgonjwa ameshika karatasi iliyoandikwa Augmentin, naye mtoa dawa anamkabidhi boksi lenye jina jingine ambalo hajapata kulisikia. Wapo wanaoipokea kwa shingo upande na kwenda kuihifadhi juu ya kabati bila kuimeza. Wapo wanaoikataa na kwenda kuitafuta ile yenye jina lililoandikwa katika maduka ya Tarime mjini, Mugumu au Sirari. Na wapo, nao ndio wanaostahili kufikiriwa zaidi, ambao wakitajiwa bei ya dawa yenye jina hilo hununua vidonge vya siku mbili badala ya dozi nzima, kwa kuwa fedha ya dozi nzima hawana. Hao wa mwisho hurudi kituoni baada ya wiki moja hali yao ikiwa mbaya kuliko walipoanza, ilhali dawa ile ile, kwa jina jingine na kwa bei waliyoimudu, ilikuwapo rafu ya pili.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitambua dawa hiyo ya rafu ya pili. Tumechagua antibiotiki, ambazo wataalamu wa lugha huziita pia viuavijasumu, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa sana na ndizo ambazo makosa yake huleta madhara ya haraka.

Kila dawa ina majina mawili. La kwanza ni jina halisi, yaani jina la kiambato kinachotibu. Jina hili halimilikiwi na kampuni yoyote. Shirika la Afya Duniani ndilo linalosimamia utoaji wa majina hayo, na orodha yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1953, ili daktari wa Musoma na daktari wa Mumbai wakitaja dawa wawe wanazungumzia kitu kimoja. Jina la pili ni jina la biashara, ambalo kampuni hujichagulia, huliandikisha kama alama yake, na mara nyingi huliandika kwa herufi kubwa zenye rangi upande wa mbele wa boksi. Jina halisi huandikwa chini yake, mara nyingi kwa herufi ndogo ambazo mzee asiye na miwani hawezi kuzisoma.

Mfano mzuri ni azithromaisini. Dawa hii iligunduliwa mwaka 1980 na wanakemia wa kampuni ya Pliva katika mji wa Zagreb, wakati huo ukiwa Yugoslavia, leo Kroatia. Pliva waliiuza kwa jina la Sumamed. Kampuni ya Pfizer ya Marekani, iliyopewa leseni na Pliva, ikaiuza kwa jina la Zithromax. Kwa hiyo tangu siku zake za mwanzo dawa hiyo moja ilikuwa na majina mawili ya biashara, na hakuna aliyedai kwamba moja lilitibu kuliko lingine. Baadaye, muda wa hataza ulipokwisha, viwanda vingi duniani viliruhusiwa kuitengeneza, na kila kimoja kikaipa jina lake au kikaiuza kwa jina halisi peke yake. Hizo zilizotengenezwa na viwanda vingine ndizo wataalamu wanazoziita dawa jeneriki.

Hataza, kwa kawaida, humlinda mgunduzi kwa miaka 20 tangu alipowasilisha maombi. Katika muda huo yeye peke yake ndiye anayeamua bei, kwa hoja kwamba anarudisha gharama za utafiti. Muda ukiisha, mwenye kiwanda mwingine hahitaji kuanza utafiti upya. Anachopaswa kuthibitisha ni kwamba dawa yake ni sawa na ile ya kwanza. Hapo ndipo unafuu wa bei unapotoka. Hautoki katika kupunguza dawa ndani ya kidonge, kama inavyosemwa vijiweni.

Sasa tuje kwenye boksi lenyewe. Katika makala haya majina ya dawa tunayaandika kwa tahajia ya Kiswahili, lakini kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza: amoksisilini itaandikwa Amoxicillin, metronidazoli itaandikwa Metronidazole. Ukiyatamka polepole utaona kwamba ni yale yale.

Tuchukue Augmentin, kwa kuwa ndiyo inayoleta mkanganyiko mkubwa. Iliingizwa sokoni mwaka 1981 na kampuni ya Beecham ya Uingereza, ambayo leo ni sehemu ya GSK. Ndani yake zimo dawa mbili. Ya kwanza ni amoksisilini, ile ile ambayo wananchi wengi wanaifahamu kwa kapsuli zake za rangi mbili. Ya pili ni asidi ya klavulaniki. Hiyo ya pili, kwa kipimo kinachotumika, haiuwi vimelea vya kutosha kutibu ugonjwa; kazi yake ni ulinzi. Baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoikata amoksisilini vipande kabla haijafanya kazi, na asidi ya klavulaniki hukishika kimeng'enya hicho na kukizuia, ili amoksisilini ipite. Mtu anayeingiza ng'ombe malishoni na kutanguliza mbwa wa kumzuia fisi anaielewa kanuni hii bila mwalimu.

Kwenye boksi la vidonge vya Augmentin kuna namba 625. Namba hiyo ni jumla: miligramu 500 za amoksisilini na miligramu 125 za asidi ya klavulaniki. Boksi lenye 375 lina miligramu 250 na 125. Lenye gramu moja lina 875 na 125. Basi anayetafuta dawa iliyo sawa na Augmentin 625 anatafuta boksi la kampuni yoyote ambalo upande wake wa nyuma au wa ubavuni limeandikwa viambato vyote viwili, kwa viwango hivyo hivyo, 500 na 125. Aghalabu dawa hizo hufupishwa kwa jina la amoksiklavu, na wauzaji wengi wanalifahamu.

Zingatia namba hizo vizuri, maana kosa la kawaida lipo hapo. Amoksisilini peke yake ya miligramu 500 siyo mbadala wa Augmentin 625. Ni nafuu zaidi, na kwa magonjwa mengi inatosha kabisa. Lakini ikiwa mtabibu aliandika Augmentin kwa sababu alihisi bakteria wenye kimeng'enya kile, kapsuli za amoksisilini peke yake zitamezwa bila faida. Anayetaka kubadili kutoka dawa ya viambato viwili kwenda ya kiambato kimoja anapaswa kurudi kwa mtabibu. Muuzaji hana mamlaka ya kuamua hilo, na mgonjwa pia hana.

Vivyo hivyo kwa namba ambazo haziko sawa. Amoksiklavu 375 mbili siyo amoksiklavu 625 moja. Mwenye kupiga hesabu ya haraka atasema 375 mara mbili ni 750, kwa hiyo amepata na ziada. Lakini akivitenganisha viambato ataona kwamba amemeza amoksisilini miligramu 500 kama ilivyotakiwa, ila asidi ya klavulaniki imekuwa miligramu 250, mara mbili ya kiwango, na hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuharisha tumbo.

Dawa nyingine hazina ugumu huo. Flagyl, ambayo huku kwetu tumeizoea kwa jina la Flajili hata pale kilichomo kwenye pakiti ni cha kampuni nyingine, jina lake halisi ni metronidazoli. Jambo hilo linaonesha kwamba wananchi tayari wanatumia dawa jeneriki kila siku bila kujua, na wanapona. Septrin ni ko-trimoksazoli, nayo ina viambato viwili, salfamethoksazoli na trimethoprimu. Kidonge cha 480 kina miligramu 400 na 80. Bactrim ni hiyo hiyo. Ampiclox ni ampisilini pamoja na kloksasilini. Ciproxin ni siprofloksasini. Rocephin, ya sindano, ni seftriaksoni. Zinnat ni sefuroksimu. Kwa kila mojawapo kanuni ni moja: jina halisi liwe lile lile, kiwango cha miligramu kiwe kile kile, na aina ya dawa iwe ile ile, yaani kidonge kwa kidonge, dawa ya maji kwa dawa ya maji, sindano kwa sindano.

Wapo wanaouliza kuhusu herufi BP zinazofuata jina la dawa. Mama mmoja hukataa dawa ya kikohozi cha mtoto kwa sababu, kwa maelezo yake, hiyo ni ya wagonjwa wa presha. Herufi hizo hazina uhusiano wowote na shinikizo la damu. Zinasimama badala ya British Pharmacopoeia, kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza, na maana yake ni kwamba mtengenezaji anadai dawa yake inafikia viwango vilivyomo katika kitabu hicho. USP ni kitabu cha Marekani, na IP ni cha India. Amoksisilini yenye BP na amoksisilini yenye USP zote ni amoksisilini.

Dawa za watoto zinahitaji uangalifu wa peke yake, na tutatumia nafasi kidogo hapa. Amoksiklavu ya maji huja kama unga katika chupa, unaochanganywa na maji safi yaliyochemshwa na kupoa hadi kwenye alama. Chupa hizo zina namba kama 156, 228, 312 na 457, ambazo ni kiasi cha dawa katika kila mililita 5. Hazilingani kwa nguvu tu, bali hata kwa uwiano wa viambato: 156 ina miligramu 125 za amoksisilini na 31.25 za asidi ya klavulaniki, ilhali 228 ina 200 na 28.5. Ndiyo maana 156 na 312 zimetengenezwa kwa kunywewa mara tatu kwa siku, na 228 na 457 mara mbili. Mzazi aliyeandikiwa 228, akakosa, akapewa 156 na kuendelea kutoa kijiko kile kile mara mbili kwa siku, anampa mtoto amoksisilini pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Jina ni sahihi, kampuni siyo tatizo, lakini dozi imeharibika. Namba ya chupa ikibadilika, muulize mtoa dawa akupigie hesabu upya na aiandike juu ya chupa.

Kwa upande mwingine, vipo vidonge vya amoksisilini vya miligramu 250 vinavyoyeyuka katika maji au maziwa ya mama, ambavyo ndivyo vinavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa nimonia ya watoto na ndivyo vinavyotolewa katika vituo vyetu. Baadhi ya wazazi huvidharau wakidhani kwamba kidonge ni cha watu wazima na dawa ya mtoto lazima iwe ya maji, tamu, yenye picha ya tunda. Kidonge hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto. Hakihitaji jokofu, hakihitaji kupimwa kwa kijiko ambacho kila nyumba ina ukubwa wake, wala hakiharibiki siku chache baada ya kufunguliwa kama ilivyo kwa chupa iliyokwisha kuchanganywa. Kwa kaya ya Gorong'a au Machochwe, ambako jokofu si kifaa cha kila nyumba, kidonge hicho kina ubora ambao chupa haina.

Kulijua jina halisi hakuokoi fedha peke yake. Kunaokoa uhai wa mtu mwenye mzio. Mtu aliyewahi kuvimba midomo, kupata upele mwili mzima au kupumua kwa shida baada ya kuchomwa penisilini huambiwa asitumie tena dawa za jamii hiyo. Kisha miaka inapita, anakwenda dukani, anauziwa Augmentin au Ampiclox. Hakuna neno penisilini katika majina hayo ya mbele. Lakini akigeuza boksi atakuta Amoxicillin, au Ampicillin na Cloxacillin, na hapo kuna alama ya kumwonya: majina halisi yaliyotolewa kimataifa hubeba ukoo wa dawa ndani yake. Dawa za jamii ya penisilini huishia na -cillin. Zile zinazoanza na Cef- ni ndugu zao wa karibu, na mwenye mzio mkali azitaje kwa mtabibu kabla ya kuzitumia. Zinazoishia na -oxacin ni jamii ya siprofloksasini. Zinazoishia na -cycline ni jamii ya tetrasaiklini, ambazo mjamzito na mtoto mdogo kwa kawaida hawapewi kwa kuwa huathiri meno na mifupa inayokua.

Jamii ya salfa nayo ina mtego wake. Aliyewahi kubabuka ngozi au kupata vidonda mdomoni baada ya kumeza Fansidar au SP ya malaria alikutana na salfadoksini, na Septrin ina salfamethoksazoli. Majina ya biashara hayafanani hata kidogo, lakini mwili unaweza kuyatambua kuwa ni ukoo mmoja. Mtu huyo asimeze Septrin wala ndugu yake yeyote kabla ya kumweleza mtabibu yaliyompata.

Hatari ya pili ni kumeza dawa moja mara mbili. Mgonjwa anapewa amoksiklavu hospitalini, anafika nyumbani, ndugu aliyetoka mjini anamletea Augmentin aliyoisikia kuwa ni nzuri, naye anameza zote akiamini kwamba dawa mbili zinasaidiana. Amezidisha dozi ya dawa ile ile.

Tunajua kwamba baada ya maelezo haya yote bado lipo swali moja moyoni mwa msomaji: je, ya bei nafuu ina nguvu sawa? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu linaloeleweka. Nchini Tanzania hakuna dawa inayoruhusiwa kuuzwa bila kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Mwenye kiwanda cha dawa jeneriki za kumeza hutakiwa kuonesha ulinganifu wa dawa yake na ile ya mgunduzi. Njia kuu ya kupima ulinganifu huo ni kuwapa watu waliojitolea dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, kuwatoa damu kila baada ya muda fulani, na kuangalia ni kiasi gani cha dawa kimeingia katika damu na kwa kasi gani. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kupita mipaka iliyowekwa kimataifa, dawa haipiti. Baada ya usajili, viwanda hukaguliwa na sampuli huchukuliwa sokoni kwa uchunguzi wa maabara. Mwezi Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua mamlaka yetu kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, na ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikia ngazi hiyo.

Hii haina maana kwamba kila kidonge kilichopo mitaani ni salama. Dawa duni na dawa bandia zipo duniani kote, lakini jina kubwa halimkingi mtu dhidi yake. Kinyume chake, mwenye kughushi hupendelea jina linalouzwa ghali, kwa kuwa ndilo lenye faida. Kinga ni mahali unaponunua. Nunua katika famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na jina na anwani ya mtengenezaji, na dai risiti. Orodha ya dawa zilizosajiliwa ipo kwenye tovuti ya TMDA, na mwenye simu ya intaneti anaweza kuitafuta dawa kwa jina lake.

Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzishwa kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 na baadaye kuenea nchi nzima kuchukua nafasi ya yale tuliyoyaita duka la dawa baridi, yanaruhusiwa kuuza baadhi tu ya antibiotiki, zile zilizo kwenye orodha maalumu. Ukiambiwa na muuzaji wa duka la aina hiyo kwamba dawa yako haimo katika orodha yake, usimlaumu wala usimshawishi. Anafuata sheria, na atakayekupatia ni famasi.

Katika kata za mpakani, hususan Sirari, mazoea ya kuvuka kwenda Isebania kununua dawa ni ya siku nyingi. Udugu wetu na wenzetu wa upande wa pili hauna mpaka, lakini usajili wa dawa unao. Kenya ina mamlaka yake ya udhibiti na orodha yake, na majina ya biashara yaliyozoeleka kule huenda hayapo kabisa katika orodha ya TMDA. Mgonjwa akipata madhara, mtabibu wa kituo cha huku anaweza kushindwa kuitambua dawa kwa jina hilo. Ikiwa umerudi na dawa ya namna hiyo, nenda kituoni na boksi lake lote, siyo kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi, maana jina halisi mara nyingi hubaki kwenye kipande kilichotupwa.

Kwa wafugaji, somo hili halipaswi kuwa geni. Anayekwenda duka la mifugo kununua dawa ya ng'ombe huuliza OTC ya asilimia 10 au ya asilimia 20. Hiyo ni oksitetrasaiklini, jina halisi kwa kifupi chake, ikifuatwa na kiwango. Kampuni anaiangalia baadaye, na akikosa ya kampuni moja huchukua ya nyingine yenye asilimia ile ile. Ni utaratibu ule ule tunaopendekeza kwa dawa ya mtoto wake. (Dawa yenyewe ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe; tumeona ni vema kulisema, kwa kuwa si wote wanaolizingatia.)

Limebaki suala la dawa za vituo vyetu, ambazo rangi na umbo lake hubadilika mara kwa mara. Zahanati na vituo vya afya vya umma hupokea dawa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, ambayo huihudumia Mara kupitia kanda yake ya Mwanza. Dawa inapokosekana Bohari, halmashauri hununua kwa mshitiri aliyeidhinishwa wa mkoa. Manunuzi yote hayo hufanywa kwa jina halisi, na mzabuni wa mwaka huu si lazima awe wa mwaka jana. Ko-trimoksazoli iliyokuja mwezi uliopita kutoka kiwanda cha Dar es Salaam inaweza kuja mwezi huu kutoka India, ikiwa na umbo jingine. Kwa mgonjwa anayeitumia kila siku, mabadiliko hayo yanaweza kumfanya adhani amepewa dawa isiyo yake na kuacha kuimeza. Kabla ya kuacha, soma jina lililo kwenye pakiti au mpelekee mtoa dawa akusomee. Dawa nyingi za Serikali zina alama ya MSD na herufi GOT, kifupisho cha Kiingereza cha Serikali ya Tanzania. Ukiikuta alama hiyo kwenye dawa inayouzwa dukani, toa taarifa.

Mwongozo wa Taifa wa Matibabu unawataka watabibu kuandika dawa kwa jina halisi. Mwananchi ana haki ya kuomba hivyo. Lugha ya adabu inatosha: "Daktari, naomba uniandikie na jina halisi la dawa, ili nikiikosa hapa nipate iliyo sawa nayo dukani." Na ukifika dukani ukiwa na jina la biashara tu, mwambie muuzaji: "Naomba unisomee viambato vya dawa hii na kiwango chake, kisha unioneshe nyingine yenye viambato hivyo hivyo kwa kiwango hicho hicho." Muuzaji mwenye mafunzo atakuonesha. Akikupa yenye jina halisi tofauti na kusema kwamba inafanya kazi ile ile, hiyo siyo mbadala bali ni dawa nyingine. Azithromaisini siyo jeneriki ya Augmentin, hata kama zote mbili hutumika kwa kifua.

Anayeona kwamba amelazimishwa kununua dawa ya jina fulani katika duka fulani, au kwamba dawa iliyopo kituoni imefichwa ili aelekezwe dukani, apeleke taarifa kwa kamati ya usimamizi ya kituo husika, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi, au kwa Mfamasia wa Wilaya katika ofisi ya Mganga Mkuu. Aende na karatasi ya dawa aliyoandikiwa, risiti na boksi. Kwa wenye mzio, jina halisi la dawa iliyowadhuru liandikwe na mtabibu kwa kalamu ya wino kwenye jalada la kadi ya kliniki au daftari la matibabu, mahali ambapo hata mtoa huduma mwenye haraka atalisoma.